Michezo ya Umati, Mipya na ya Kale

Mchezo wa umati ni mchezo wa kompyuta uchezwao na maelfu ya watu kwa wakati mmoja katika ulimwengu mmoja wa kubuniwa. Mchezaji hujichagulia jina na umbo, akaingia kwa njia ya intaneti, akakuta humo milima, masoko, vita, na zaidi ya vyote, watu wengine. Akiondoka kwenda kulala, ulimwengu ule haulali. Watu wa nchi nyingine huendelea kununua, kuuza na kupigana. Bao likimalizika, wachezaji huinuka na mchezo umekwisha. Mchezo wa umati hauna mwisho, na kwa sababu hiyo wafanana na mji kuliko mchezo.

Kwa kuwa ni mji, yafaa tuuhukumu kama tuhukumuvyo miji: si kwa uzuri wa lango, bali kwa maisha ya watu wakaao ndani. Kwa kipimo hicho natupime mambo mapya ya michezo hii, maana kelele za kuisifu ni nyingi na vijana huzisikia kila siku.

Jambo la kwanza lionekanalo siku hizi ni wingi wa ahadi. Mwaka 2012 waundaji wa Star Citizen walianza kuwaomba watu fedha za kuundia mchezo ambao ulikuwa haujawa. Watu wametoa mamia ya milioni za dola, na mwaka 2025 ulimalizika mchezo ukichezwa lakini bado haujatangazwa kuwa umekamilika. Kampuni ya Riot nayo ilitangaza Desemba 2020 kwamba yaunda mchezo wa umati. Machi 2024 mmoja wa waanzilishi wake alieleza kwamba kazi imebidi ianzwe upya kwa njia nyingine. Ucheleweshaji wa kwanza na wa pili si sawa. Riot haikuwa imewauzia watu mchezo huo, nayo iliona heri kuvunja msingi kuliko kujenga juu ya msingi usiofaa. Ahadi ni deni. Lakini deni la mtu aliyekwisha kupokea fedha ni zito zaidi.

Jambo la pili ni michezo inayozaliwa kwa kishindo. New World wa kampuni ya Amazon ulitoka tarehe 28 Septemba 2021, na katika siku zake za mwanzo watu zaidi ya 900,000 walikuwamo kwa wakati mmoja kupitia duka la Steam. Mchezo huo una sifa zake. Misitu yake yapendeza, na mlio wa shoka likigonga mti husikika kama mlio wa shoka la kweli. Walakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliofika ngazi ya juu walikuta kazi chache za kufanya. Wengine waligundua hila ya kuzidisha dhahabu, hata mwezi wa Novemba mwaka ule kampuni ikalazimika kusimamisha biashara kwa muda. Miezi michache ilipopita, sehemu kubwa ya umati ilikuwa imekwenda zake. Oktoba 2025 Amazon ilitangaza kwamba haitautungia mchezo huo mambo mapya tena. Kipya kinyemi, lakini unyemi wa upya haujengi mji.

Jambo la tatu ni la ajabu kuliko hayo mawili, nalo ni kurudi kwa ya kale. RuneScape ulianzishwa Uingereza mwaka 2001. Kadiri miaka ilivyopita ulibadilishwa mno, na wachezaji wengi wakakasirika. Februari 2013 kampuni ya Jagex iliwauliza kwa kura kama wautaka mchezo jinsi ulivyokuwa mwaka 2007. Kura zaidi ya 400,000 zilipigwa, na mchezo wa kale ukafufuliwa kwa jina la Old School RuneScape. Picha zake ni duni. Watu wake ni kama waliochongwa kwa panga butu. Lakini uliwekwa desturi moja njema: jambo jipya kubwa halitiwi ndani kabla ya wachezaji kulipigia kura, na kwa miaka mingi lilihitaji robo tatu ya kura hizo. Mwaka 2018 uliingia katika simu. Agosti 2019 kampuni ya Blizzard ilifuata njia hiyo hiyo, ikairudisha World of Warcraft ya zamani, ambayo kwanza ilitoka mwaka 2004.

Je, tuseme basi kwamba cha kale ni bora kwa kuwa ni cha kale? La, hasha. Kukata mti ule ule mara elfu ili kupanda ngazi ni kazi ya kuchosha, na sifa nyingine za michezo hiyo ni tamaa ya watu wazima ya kurudishiwa ujana wao. Tena kuna ushahidi wa upande wa pili. Final Fantasy XIV ulitoka mwaka 2010 ukiwa mbovu. Wenyewe walikiri ubaya wake, wakaufunga Novemba 2012, na Agosti 2013 wakauleta umeundwa upya chini ya uongozi wa Naoki Yoshida. Nao ukapendwa sana. Kinachotenga mchezo mwema na mbaya, kwa hiyo, si umri. Ni sikio la mwenye mchezo.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni dogo. Si dogo. Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na maradhi ya kudhoofika misuli, alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walidhani ameishi bila marafiki. Walipotangaza kifo chake, barua zilifika kutoka kwa watu waliokuwa wenzake katika World of Warcraft, na baadhi yao wakasafiri kuja kumzika. Watu wale walikuwa ujirani wake. Fikiri basi uzito wa tendo la tarehe 30 Novemba 2012, mchezo wa City of Heroes ulipozimwa na wenyewe huku wachezaji wakisihi uachwe. Mji mzima ulizimika kama taa, na hakuna aliyekaa humo aliyekuwa na haki ya kuuzuia.

Mwanafunzi, tangazo la mchezo mpya likikufikia, usiharakie langoni. Subiri mwaka, uone ni wangapi wamebaki na kama mwenye mji huwasikiliza. Kisha hesabu saa na fedha utakazotoa, kwani mchezo usio na mwisho hautakuambia kamwe kwamba yatosha. Neno hilo huna budi kulisema wewe. Na ukiingia, uwe jirani mwema kwa wale utakaowakuta, maana wao ndio mji wenyewe.