Nguo Ikitembea

Fundi akimaliza gauni, hulitundika kwenye henga na kulitazama. Anachokiona hapo ni nusu ya kazi yake. Mshono ulionyooka utaonekana, vifungo vitahesabika, rangi zitapatana au zitagombana. Lakini namna kitambaa kinavyoanguka kutoka nyongani, pindo linavyorudi mguu unapotangulia, bega linavyokaa mkono unapoinuliwa, hayo henga haiyasemi. Yanataka mwili unaotembea. Ndiyo maana nayahesabu maonyesho ya mavazi, ya zamani na ya sasa, kuwa sehemu ya ufundi wenyewe: ni mtihani wa ukataji na ushonaji unaofanywa mbele za watu.

Wazo hilo lina umri. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba yake ya mitindo mjini Paris mwaka 1858, aliwavalisha wanawake hai nguo alizotaka kuuza, mkewe Marie Vernet akiwa miongoni mwao. Madeleine Vionnet alipoufanya ukataji wa mshazari kuwa msingi wa kazi yake katika miaka ya 1920, haja ya mwili ikazidi. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Fundi hulazimika kukiacha kining'inie kwanza kabla ya kupiga pindo, kwa sababu uzito wake wenyewe hukirefusha, tena hakirefuki sawasawa pande zote. Kikiwa mezani huwezi kukihukumu. Kisha tarehe 12 Februari 1947, Ulaya ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani na vitambaa bado haba, Christian Dior alionyesha mkusanyo wake wa kwanza Avenue Montaigne. Wageni waliketi karibu sana na njia ya wanamitindo hata sketi zile pana zikapiga visahani vya majivu ya sigara na kuviangusha. Picha za siku zile zinaonyesha kiuno chembamba na sketi iliyojaa. Uzito wa kitambaa kinachozunguka waliujua waliokuwamo chumbani.

Ushahidi mzito kuliko wote kwangu ni usiku wa tarehe 28 Novemba 1973, katika kasri la Versailles. Onyesho liliandaliwa kuchangisha fedha za kulikarabati kasri hilo, na wabunifu watano wa Ufaransa wakakutanishwa na watano wa Marekani. Upande wa Ufaransa ulikuwa na Yves Saint Laurent, Hubert de Givenchy, Pierre Cardin, Emanuel Ungaro na Marc Bohan wa Dior, na haukubana matumizi: mandhari kubwa za jukwaani, okestra, Rudolf Nureyev akicheza, Josephine Baker akiimba. Wamarekani, yaani Bill Blass, Stephen Burrows, Oscar de la Renta, Halston na Anne Klein, walifika na mandhari iliyokosewa vipimo, futi zikachanganywa na mita. Wakabaki na mchoro wa Mnara wa Eiffel na muziki wa kanda. Sehemu yao ilikuwa fupi. Wanamitindo wao, kadhaa wakiwa Wamarekani weusi kama Pat Cleveland, Billie Blair na Bethann Hardison, walizunguka, walicheza, walisimama wakawakazia macho watazamaji. Ukumbi ulilipuka, programu zikarushwa hewani.

Wengi hueleza ushindi ule kwa ujasiri wa wanamitindo hao, na wana haki. Mimi naongeza pindo la Stephen Burrows. Burrows aliivuta jezi, kitambaa laini kinachotanuka, chini ya sindano inayoshona zigizaga, mpaka ukingo ukatoka na mawimbi madogo. Gauni la namna hiyo likiwa kwenye henga laweza kudhaniwa limeshonwa vibaya. Mwanamitindo akizunguka, ukingo hufunguka, mawimbi hukimbizana hadi nyuma, na aliyeketi mstari wa mwisho anaelewa kwa nini fundi alivuta. Nguo za Wafaransa zilikuwa bora, sina shaka. Zilifunikwa na mandhari yao wenyewe.

Siku hizi onyesho kubwa humalizika ndani ya robo saa, watazamaji wameinua simu. Kwa nini basi tusipige filamu tukaokoa gharama? Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi, nyumba nyingi za mitindo zilifanya hivyo; kumbi zilipofunguliwa zikarudi jukwaani. Wapo wanaosema ni majivuno, na kwa sehemu ni kweli. Lakini mhariri wa filamu humchagulia mtazamaji cha kuona. Ukumbini mwanamitindo huja na mbele, hupita na ubavu, huondoka na mgongo, na mgongoni ndipo zipu iliyovuta na dati iliyokosewa hujifichua. Hata onyesho la nyumba ya mitindo ya Coperni la mwaka 2022 mjini Paris, lililozagaa kwenye simu duniani kote, linaniunga mkono. Mwanamitindo Bella Hadid alinyunyiziwa mwilini kimiminika kilichokauka kuwa kitambaa cheupe, uvumbuzi wa mwanasayansi Manel Torres. Watu walishangilia kemia. Mwishoni, hata hivyo, alitoka mwanamke akashusha mabega ya gauni kwa mikono yake, akalisawazisha pindo na kukata mpasuo kwa mkasi. Mikono ile ndiyo iliyolifanya gauni.

Maonyesho ya kwetu, kama Swahili Fashion Week aliyoianzisha Mustafa Hassanali jijini Dar es Salaam mwaka 2008, nayo huweza kulaumiwa kwamba ni kuiga Paris. Jukwaa lilitoka huko, sikatai. Mtihani ni wetu. Mbunifu anayekata gauni la kanga lazima aamue jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, litaangukia wapi: juu ya pindo la chini litasomeka mwanamitindo akisimama, lakini marinda yakizidi litamezwa kila hatua. Maua makubwa ya kitenge yasipokutanishwa kwenye mshono wa mgongo, ukumbi mzima utaona. Na wanawake wa pwani, waliozoea kuzipima doti za wenzao harusini kwa jicho moja, ni watahini wagumu kuliko mhariri yeyote wa jarida.

Lawama ninayoikubali yote ni ya miili. Kuchagua wanamitindo warefu wembamba pekee ni kumpunguzia fundi mtihani. Makalio makubwa huipandisha sketi nyuma, na humlazimu apime upya ili pindo likae sawa pande zote. Wateja wake humletea kazi hiyo kila siku; jukwaa lisimkwepeshe.

Nyuma ya pazia, kila vazi limebandikwa picha ya viatu na hereni zake. Mvishaji amekwisha kufungua zipu na kulitandaza gauni sakafuni ili mwanamitindo aingie kwa hatua moja, na fundi yuko kando, sindano imeshatungwa uzi. Onyesho likiisha, mbunifu hutoka peke yake kupokea makofi. Waandaaji wetu huchapa majina ya wadhamini kwenye programu. Waongeze ukurasa mmoja wa aliyekata, aliyeshona na aliyevisha, na majina hayo yasomwe ukumbini kabla mwanamitindo wa kwanza hajatoka.