Saa Nne na Dakika Kumi

Fungua tangazo lolote la saa ya kifahari utazame mishale. Karibu kila mara imesimama saa nne na dakika kumi. Wenye biashara wanasema mishale ikikaa hivyo saa inaonekana kama inatabasamu, na jina la kampuni halifunikwi. Sawa. Lakini mimi nikiwa nimelala chumbani kwangu Ziwa la Ng'ombe, simu usoni, huwa nawaza jambo jingine. Saa nne na dakika kumi, siku ya kazi, huyu mwenye mkono msafi hivi yuko wapi? Hapa mtaani saa hiyo mama wa mahamri ameshakunja meza yake, watu wa mjengo wako juani, na sisi tusioajiriwa popote ndiyo kwanza tunatafuta chai.

Matangazo haya nimeyatazama miezi mitatu sasa, na sababu ni pesa. Kuna kazi ya kuandika niliifanya, na kwa mara ya kwanza maishani nikalipwa elfu sitini kwa mpigo. Chuo niliacha mwaka wa pili, na deni la karo nililoacha nyuma linakaribia hizo hizo. Kwa hivyo kila anayenijua ana ushauri wake. Mimi nilitaka saa.

Ninayoitaka inaitwa Tissot PRX. Ilitoka 2021, imeigwa kutoka saa yao wenyewe ya miaka ya sabini, na ile ya betri bei yake ilikuwa chini ya dola 400. Kwa watu wa Geneva hiyo hata si anasa, ni kibaraza tu cha kuingilia. Kwangu ni kodi ya mwaka mzima.

Sasa, maandishi ya kumshauri mtu "saa yako ya kwanza ya kifahari" ni fani kamili, na nimeisoma kama nilivyokuwa nasoma riwaya za mtihani. Chagua inayoingia chini ya mkono wa shati. Chagua otomatiki, kwa sababu eti ina roho, ingawa tangu Seiko watoe saa ya kwanza ya mkononi ya quartz mwishoni mwa 1969 kila mtu anajua ya betri ndiyo inayosema kweli zaidi. Usinunue feki. Hapa wanakufundisha kwamba mshale wa sekunde wa Rolex hauruki, unateleza. Hawakwambii kwamba feki za siku hizi nazo zinateleza vizuri tu. Mwisho unaambiwa saa ni uwekezaji, na hapo ndipo nawakatalia kabisa. Rolex kadhaa, Patek Philippe kadhaa, na wachache wengine ndio hushika bei. Nyingi zilizobaki hushuka ukishavuka tu mlango wa duka, kama simu.

Patek ndio mabingwa wa maneno. Tangu 1996 wanatangaza kwamba saa yao si yako hasa, unamtunzia anayekuja nyuma yako. Ni hadithi fupi nzuri wallahi: baba, mtoto, suti, mwanga wa dirishani. Ila ni hadithi inayojua mapema kwamba nyumba ina wa kurithi na ina cha kurithiwa.

Kwetu kuna saa moja. Ami yangu aliendesha lori Muscat miaka kumi na mmoja, akarudi na Seiko 5 mkononi. Siku zake zinaandikika kwa Kiarabu au Kiingereza, na yeye aliiweka kwenye Kiarabu hadi leo. Hiyo ndiyo niliyofundishiwa kusoma saa. Alinionyesha mshale mfupi kwenye kumi, akaniambia, "Sasa tazama upande wa pili." Upande wa pili kuna nne. Mbinu hiyo kila mtoto wa Pwani anaijua, na sijawahi kuona mhakiki yeyote wa saa akiitaja. Uso unasema kumi, mdomo unasema nne. Sisi tukivaa saa tunavaa kitu cha kubishana nacho kutwa nzima.

Huko huko Oman kuna saa ambayo wakusanyaji wanaililia: Rolex yenye khanjari na panga mbili usoni. Sultani Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, alizigawa kama zawadi, zikiwemo kwa maafisa wa Kiingereza waliopigana upande wake vita vya Dhofar. Leo ile khanjari ndiyo inayopandisha bei mnadani. Ami hakuwahi kupewa. Khanjari yeye aliiona kwenye noti. Lakini saa ile inanifaa kwa kufikiri, kwa sababu haifichi kitu: nembo ya mtoaji iko usoni, na anayevaa anatangaza anamshukuru nani.

Hizi nyingine zinaficha. Juni 2024, rika langu lilipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kulikuwa na kazi nyingine inaendelea kwenye simu: kukuza picha za viongozi mpaka kwenye kifundo cha mkono, kisha kutaja saa kwa jina, toleo na bei, na kuuliza mshahara gani ulinunua hii. Sijasoma uhakiki wa saa ulio bora kuliko ule kwa lugha yoyote. Kitu kilichotengenezwa kisomwe na matajiri kwa matajiri kilisomwa na mtu anayedaiwa kodi Kisauni, na akakisoma sawasawa. Mimi pia nilikuza picha. Kwa hivyo najua mkono wangu utakuzwa na nani: jirani niliyemkopa gesi, na mwenye nyumba.

Wiki iliyopita nilienda Nyali kuijaribu. Kijana wa duka akaniita boss, akanifunga mkononi. Ni nzito kidogo, baridi, na mkanda wa chuma unashuka na mkono kama maji. Nilidhani nitaona aibu. Sikuona. Niliona kitu ambacho picha hazikunionyesha: uso wake hauna namba za masaa, ni vijiti tu. Mshale mfupi ulisimama kwenye kijiti, na hapakuwa na kumi na moja iliyoandikwa ya kunikosoa. Ilikuwa saa tano tu. Namba zilizopo ni tarehe, na mwaka 1853 chini ya jina, mwaka wao wa kuanza, Sayyid Said akiwa bado anatawala pwani hii. Katika saa zote nilizojaribu siku ile, ni hiyo peke yake haikubishana nami, na kama ni sababu ya kununua kitu, kwangu inazidi roho ya otomatiki.

Sikuinunua siku hiyo. Elfu nne zimeshaenda kwa kodi, zilizobaki ziko M-Pesa, na chuo hakijapata hata senti. Jioni nilimwonyesha ami picha. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu.

"Siku iko?"

"Haina, ami. Ina tarehe peke yake."

"Basi hiyo," akasema akinirudishia simu, "itabidi uwe unaniuliza mimi leo ni siku gani."