Kwa Udi na Uvumba

Timu ikitafuta bao la kusawazisha dakika ya 88, mtangazaji hutuambia inalitafuta kwa udi na uvumba. Mgombea naye anautaka ubunge kwa udi na uvumba. Tamko hili limezoeshwa jasho na purukushani hata wengi wanalidhania pacha wa "kwa pupa". Nakataa.

Ingia nyumba ya Unguja jioni ya arusi, umtazame anayefukiza. Hana haraka. Makaa huyaacha kwanza yavae jivu, ndipo akaweka kipande cha udi kwenye chetezo, maana moto ukiwa mkali udi huungua ukabaki moshi mtupu. Na udi huo mara nyingi umepikwa: vipande vya mti hutiwa kwenye shira ya sukari pamoja na manukato, na mpishi haondoki jikoni. Kila fundi ana kipimo chake, wala hakitoi ovyo.

Mti wenyewe ndio unaonishangaza zaidi. Huota katika misitu ya Asia, India hadi Indonesia, na ukiwa mzima hauna harufu ya kusifiwa. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wa kujikinga, na kuni zilizolowa utomvu huo ndizo udi. Uvumba ni jina la jumla la vitu vya kufukizwa. Ubani, ulio mashuhuri kati yake, hugemwa Somalia na Dhofar nchini Oman: gome hukwanguliwa, kisha mgemaji husubiri machozi ya mti yagande. Majahazi ya kaskazi yaliyaleta manukato haya pwani yetu, nayo hayakuwa rahisi.

Anayetafuta jambo kwa udi na uvumba, basi, ametoa kitu chake cha thamani, akakaa na moto wake. Mwenye pupa hajatoa chochote. Ametanguliza mikono tu. Hata "kufa na kupona" ni jambo jingine, la mtu asiyebakiwa na njia.

Ndugu zangu waandishi, mkiona watu wanasukumana kugombea kiti, andikeni "kwa pupa" au "kwa papara". Udi na uvumba mwekeeni mama anayeamka saa kumi alfajiri, mwaka baada ya mwaka, kuchoma vitumbua vya ada ya mwanawe.