Tupa ya Liyongo

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari kuhusu Fumo Liyongo. Atakutajia sifa zake bila kupumua: jitu la nguvu, mshairi, bingwa wa upinde, akasalitiwa na mwanawe, akachomwa sindano ya shaba kitovuni. Sifa nne, alama nne, twende swali linalofuata. Tupa haimo.

Mimi naona kisa chote kinaning'inia kwenye hiyo tupa. Liyongo amefungwa Pate, anangoja kuuawa. Kwa wimbo anamtuma Saada, kijakazi, kwa mamake: oka mkate wa wishwa, utie tupa ndani. Walinzi waliozoea kumnyang'anya chakula kizuri wanaudharau ule mkate wa makapi, wanamwachia. Kisha anaomba apigiwe gungu, na kelele za ngoma zikipanda, yeye anakereza pingu zake taratibu. Wachambuzi wetu wanasifia ujanja wa wimbo. Sawa, lakini wimbo haukati chuma.

Tupa haiwezi kukata pingu kama si ngumu kuliko pingu. Meno yake huchongwa chuma kikiwa laini, halafu kinapashwa moto na kuzimwa ghafla ndipo kinakuwa kigumu. Kwa hiyo kabla mama hajagusa unga, tayari kuna mhunzi aliyejua moto uishie wapi. Utaniambia labda tupa ililetwa na jahazi kutoka mbali. Haya, huko mbali pia kuna mtu aliifua. Utenzi haumpi hata nusu ubeti.

Na utenzi tunaousoma sana ni ule wa 1913, wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye mwenyewe alikuwa mchonga nakshi, mwandishi wa hati nzuri na mwanamuziki. Ningetarajia mtu wa patasi amkumbuke mwenzake wa nyundo. Au pengine kwake tupa ilikuwa kitu cha kila siku, haikuhitaji maelezo. Sisi ndio tunaoihitaji.

Nilianza kukisoma kisa hivi baada ya kukaa na fundi mmoja Bokoli, kule Bungoma. Springi ya lori kuukuu anaifua panga. Tupa iliyoisha meno haitupi, inakuwa kisu. Hana kipimo cha joto, anatazama rangi ya chuma tu, na ndiyo maana tanuru lake liko kivulini: kwenye mwanga mkali rangi inadanganya, unaunguza chuma ukidhani bado. Sasa fikiria kwamba watu hawa tumewaita jua kali, jina linalotaja kinachowachoma mgongo na kunyamazia wanachokijua, wakati kazi yenyewe inataka kivuli! Neno mhunzi angalau linataja kitendo. Nani analitumia mtaani siku hizi?

Fundi analalamika kidogo tu. Anasema zamani mteja aliuliza, "Hii itatengenezeka?" Siku hizi anauliza, "Spea iko?" Kijana aliyekuwa akimvutia mvukuto ameenda kuendesha bodaboda, na simlaumu, pesa ya bodaboda inaonekana jioni hiyo hiyo.

Ningekuwa mtunga mtihani, ningeacha sifa nne za shujaa zipumzike mwaka mmoja. Ningeuliza: tupa ya Liyongo ilifuliwa na nani, na mamake aliipata kwa bei gani? Alama kumi.