Kimo cha Frodo: hesabu iliyofanywa mbele ya lenzi

Elijah Wood, aliyemwigiza Frodo katika filamu ya The Fellowship of the Ring (2001), ana kimo cha sentimita 168 hivi. Frodo mwenyewe ni hobiti, na mahobiti kama J.R.R. Tolkien alivyowabuni hawazidi sana sentimita 120. Ian McKellen, aliyekuwa mchawi Gandalf, ana urefu wa takriban sentimita 180. Wakisimama bega kwa bega, wanaachana kwa sentimita 12 tu. Mtazamaji lakini anaona kitu kingine kabisa: mzee anayegonga kichwa kwenye boriti ya nyumba, na kijana anayeishia kifuani pake. Tofauti hiyo ilibidi idumu katika filamu tatu zilizopigwa kwa mfululizo nchini New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, na karibu kila mahali mahobiti walipokutana na watu wakubwa.

Kompyuta zilikuwepo, na zilitumika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii mwongozaji Peter Jackson na mafundi wa kampuni ya Weta waliifanya kwa njia ya zamani, kwa futikamba, msumeno na hesabu, kabla kamera haijawashwa.

Msingi wake ni mwepesi. Mtu akifumba jicho moja na kunyoosha kidole gumba mbele ya uso, anaweza kuuficha mnazi mzima. Jicho moja halijui kupima umbali vizuri. Linachojua ni nafasi ambayo kitu kinachukua katika picha. Kamera ya kawaida ina lenzi moja, kwa hiyo ina udhaifu huohuo. Mwigizaji akirudishwa nyuma, anapungua. Ikiwa hakuna kitu kinachomwonyesha mtazamaji kwamba karudishwa nyuma, akili inahitimisha kwamba mtu huyo ni mdogo.

Kiasi cha kumrudisha nyuma kinapatikana kwa kugawanya. Ili sentimita 168 zionekane kama 122, mwigizaji lazima awe mbali na lenzi mara 1.38 kuliko mwenzake. Ichukuliwe kwamba McKellen amekaa mita 3 kutoka kwenye kamera: Wood atakaa mita 4 na sentimita 13. Ndivyo ulivyotengenezwa mkokoteni ambao Gandalf anaingia nao kijijini mwanzoni mwa hadithi. Wawili hao wanaonekana wamekaa ubavu kwa ubavu kwenye benchi moja. Kwa kweli benchi la Wood lilikuwa nyuma ya lile la McKellen, na pembe ya kamera ikaificha nafasi iliyokuwa katikati.

Ugumu unaanza hapo. Kwanza ni macho. Wood akimtazama McKellen usoni, kwenye picha ataonekana anatazama hewani, kwa sababu mwenzake hayuko pale anapoonekana kuwa. Kila mmoja alipaswa kuyaelekeza macho mahali ambapo uso wa mwenzake ungekuwepo kama uongo huo ungekuwa kweli, na papo hapo aigize mapenzi, hofu au mzaha kama kawaida. Pili ni mwanga. Ili mtu aliye mita 3 na aliye mita 4 waonekane wazi kwa kiwango kimoja, tundu la lenzi hubanwa, na tundu likibanwa taa huongezwa. Filamu ya Disney ya mwaka 1959, Darby O'Gill and the Little People, ilitumia mbinu hiyohiyo kuonyesha vijitu vya ngano za Ireland, na ilihitaji taa nyingi mno. Tatu ni mikono. Watu wawili waliotenganishwa na zaidi ya mita moja hawawezi kupeana kikombe bila hila kufichuka.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kilikuwa mwendo wa kamera. Kwa miongo mingi hila hii ilidai kamera isimame tuli. Kamera ikisogea kando, kitu kilicho karibu hukimbia haraka kwenye picha kuliko kilicho mbali, na siri inafichuka mara moja. Jackson hapendi kamera iliyosimama. Kwa mazungumzo ya Gandalf na Frodo mezani, ndani ya nyumba ya Bag End, mafundi wake walijenga meza ya vipande viwili vya vipimo tofauti, kila kipande na vyombo vyake vya saizi yake. Kisha mwigizaji mmoja, pamoja na kiti na upande wake wa meza, aliwekwa juu ya jukwaa linaloteleza, lililofungamanishwa na mwendo wa kamera. Kamera ilipokwenda, jukwaa nalo lilikwenda.

Hesabu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo iliyoleta jambo jipya. Kwa umbali uleule wa mita 3 na mita 4.13, kamera ikisogea sentimita 100 kwenda kulia, aliye karibu lazima asogezwe upande huohuo kwa sentimita 27 hivi ili aendelee kulingana na aliye mbali. Au aliye karibu aachwe alipo, na aliye mbali asogezwe kinyume, kwenda kushoto, sentimita 38 hivi. Mwendo ukichelewa kidogo tu, kingo za vipande viwili vya meza zinaachana. Kwenye filamu hazionekani kuachana. Mtazamaji anaona watu wawili wanakunywa chai huku kamera ikipita taratibu, na hana sababu ya kushuku chochote, kwa sababu kila alichozoea kuhusu hila za kamera kinamwambia kwamba picha inayotembea haiwezi kudanganya namna hiyo.

Pale ambapo umbali haukufaa, seti zilijengwa mara mbili. Bag End moja ilikuwa ya kipimo cha hobiti aliye nyumbani kwake, ambamo Wood na Ian Holm (hobiti Bilbo) walienea vizuri. Nyingine ilikuwa ndogo zaidi, ambamo McKellen alibanwa na dari. Kila kitu cha nyumba ya kwanza kilipaswa kuwa na pacha wake katika ya pili, hadi vitabu na vyombo vya mezani.

Kwa picha za mbali, za mgongoni, na zile za kugusana, waliitwa waigizaji mbadala. Mashuhuri kati yao ni Kiran Shah, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1956, ambaye kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa mtaalamu wa stanti mfupi kuliko wote waliokuwa wakifanya kazi kwenye filamu, kwa kimo cha sentimita 126.3. Kila linapotajwa jina la Frodo, sehemu ya sifa ni yake, kwa kuwa mwendo wa hobiti anayeonekana kwa mbali mara nyingi ni mwendo wa Shah. Miaka michache baadaye, mwaka 2005, alionekana kwa sura yake mwenyewe kama Ginarrbrik, mtumishi wa Mchawi Mweupe katika filamu ya kwanza ya Narnia. Kwa upande wa pili walitumiwa watu warefu kupita kawaida, na kwenye baa ya kijiji cha Bree baadhi ya wateja walitembea kwa magongo chini ya nguo kubwa.

Bahati nayo ilisaidia. Gimli ni kibeti, mfupi kuliko binadamu lakini mkubwa kuliko hobiti, na kwa hesabu alipaswa kupigwa picha peke yake kwa kipimo cha tatu. John Rhys-Davies, aliyemwigiza, ana urefu wa sentimita 185 hivi. Akisimama na waigizaji wa mahobiti, uwiano unatoka sawasawa. Kwa hiyo kundi zima la wasafiri tisa liliweza kupigwa kwa awamu mbili badala ya tatu. Na mara nyingine haikuhitajika hila yoyote: mwigizaji alipiga magoti, kamera ikakata picha juu ya mapaja, basi.

Nguvu ya kazi hii iko katika kuchanganya. Hakuna mbinu iliyoachwa kwenye skrini muda wa kutosha jicho liikamate. Picha ya mkokoteni inafuatwa na ya mbadala, kisha ya seti ndogo, kisha ya magoti, na mtazamaji aliyeanza kuchunguza moja tayari ameshahamishiwa nyingine. The Fellowship of the Ring ilipata tuzo 4 za Oscar, zikiwemo ya upigaji picha, iliyokwenda kwa Andrew Lesnie, na ya madoido ya picha.

Jackson aliporudi na The Hobbit: An Unexpected Journey mwaka 2012, hila ya umbali ilikuwa imekufa. Filamu hiyo ilipigwa kwa 3D, yaani kwa lenzi mbili zinazofanya kazi kama macho mawili, na macho mawili yanajua nani yuko nyuma. Zikajengwa seti mbili zilizopigwa kwa wakati mmoja: vibeti kwenye moja, Gandalf peke yake kwenye nyingine iliyozungukwa na vitambaa vya kijani, na kamera ya pili ikiongozwa na kompyuta kuiga mwendo wa ya kwanza kwa kipimo kilichopunguzwa. Mbele ya McKellen ziliwekwa picha za vibeti 13 juu ya vijiti, na taa ndogo zikiwaka kumwonyesha ni nani anayezungumza. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba upweke huo ulimliza. Kiufundi mfumo wa 2012 ni sahihi zaidi. Kwa uigizaji, mkokoteni wa 2001 unaushinda, kwa sababu Wood na McKellen walikuwa ndani yake wote wawili, wakisikia pumzi za mwenzao hata kama hawakuruhusiwa kutazamana.