Istilahi za Upimaji wa Dawa za Kulevya Kazini: Uhakiki wa Rasimu Moja

Karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ili tuitolee maoni. Ni maelezo ya kujitayarishia mtihani, yaliyotungwa kwa ajili ya wale wanaotaka kuidhinishwa nchini Marekani kuchukua sampuli za mkojo za madereva na wafanyakazi wengine wa uchukuzi. Kwa kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya huko, mwanafunzi hana budi kuchukua sampuli tano za mazoezi mfululizo, pasipo kosa hata moja, mbele ya msimamizi. Anayejifunza kwa tafsiri mbaya atakosea, na kosa lake laweza kumpotezea dereva kazi.

Mfasiri ameanza vibaya tangu jalada. “Upimaji wa dawa” kwa msomaji wetu ni kazi ya kukagua ubora wa vidonge kabla havijauzwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 yasema “dawa za kulevya”, na hatuoni sababu ya kulikata jina hilo.

Lakini kosa zito limo katika “chanya” na “hasi”. Rasimu yaeleza kwamba hasi maana yake “mkojo hauna dawa”. Sivyo. Maabara haiulizi kama kitu kimo au hakimo; huuliza kama kimefikia kiwango kilichowekwa. Kwa bangi, kikomo cha kipimo cha awali ni nanogramu 50 kwa mililita, na cha kipimo cha kuthibitisha ni 15. Sampuli inayosomeka nanogramu 30 katika kipimo cha awali huandikwa hasi, na bangi imo. Upande wa pili, mfasiri ameandika “chanya, yaani mtumiaji amebainika”. Hapo amehukumu kabla ya kesi kusikilizwa, kwani matokeo ya maabara hupelekwa kwanza kwa daktari mhakiki, naye huzungumza na mfanyakazi. Ikithibitika kuwa kodeini iliyoonekana iliandikwa na daktari kwa njia halali, mhakiki aweza kutoa matokeo ya hasi. Twapendekeza “imefikia kikomo” na “haikufikia kikomo” kwa kazi ya maabara, na “chanya” na “hasi” yabaki kwa matokeo yaliyohakikiwa. Tunajua kuwa walimu wa hesabu wameyazoea maneno haya mawili. Ila mtu wa kawaida husikia katika “chanya” jambo jema.

“Mnyororo wa kifungo” humpeleka msomaji gerezani moja kwa moja. Kinachosemwa ni kumbukumbu ya kila mkono uliopokea sampuli, toka kwa mwenyewe hadi maabara. Karani yeyote wa stoo angemwambia mfasiri neno lake: makabidhiano. Basi iwe “hati ya makabidhiano”.

Tena, rasimu imetumia “sampuli mbovu” kwa mambo matatu. Iliyozimuliwa ni ile iliyozidi maji, na pengine mtu alikunywa maji mengi tu. Iliyobadilishwa si mkojo wa kawaida wa binadamu. Iliyotiwa kitu kigeni ni ya tatu. Vijana wangesema imechakachuliwa, na kwa kweli neno hilo lafaa kuliko lolote tulilo nalo, ingawa kwenye hati rasmi tungesita. Hizi mbili za mwisho, mhakiki akishazithibitisha, huhesabiwa kuwa ni kukataa kupimwa. Ya kwanza haihesabiwi hivyo. Kuziita zote “mbovu” ni kumtia mtu asiye na kosa katika kundi la wadanganyifu.

Mwisho, neno “mpimaji” kwa mchukua sampuli lifutwe. Huyu hapimi dawa yoyote. Huangalia kama mkojo umefika mililita 45, akaugawa katika chupa ya 30 na ya 15, na husoma joto lake ndani ya dakika 4, ambalo latakiwa liwe baina ya nyuzi 32 na 38 za sentigredi.