Mshono Usioonekana

Jina Kajiado limetokana na maneno mawili ya Kimaasai: olkeju, mto, na ado, refu. Midomo ya watu iliyabana mpaka mshono ukapotea, likabaki neno moja laini. Hilo hulikumbuka kila niingiapo duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela na kusikia majina ya Kihindu yakitajwa: Dinesh, Suresh, Ramesh. Nayo yameshonwa, na ufundi wake ni wa kuvuliwa kofia.

Katika Kisanskriti, dina ni siku na isha ni bwana. Yakikutana, a na i huyeyukiana kuwa e: Dinesha, bwana wa siku, yaani jua. Wagujarati huiangusha a ya mwisho. Suresh vivyo hivyo ni bwana wa miungu. Mswahili hahitaji kufundishwa kanuni hiyo. Tangu utotoni husema meno, si maino, na wengi, si waingi. Lugha zisizo na undugu zimeshika sindano ile ile.

Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally mara 5 kati ya 1973 na 1982, jina lake kamili lilikuwa Chandrashekhar: chandra, mwezi, shekhara, taji. Ni jina la Shiva, avaaye mwezi utosini. Mashabiki waliolipaza jina lake kando ya barabara za vumbi walikuwa wakiita taji.

Katika familia nyingi za Kigujarati, mshonaji ni shangazi, dada wa baba, aitwaye foi. Mahali mwezi ulipokuwa mtoto alipozaliwa ndipo panapotoa silabi ya kwanza, naye shangazi hulitangaza jina mbele ya jamaa. Si kazi ndogo. Kama mtunzi wa shairi aliyefungwa na kina, hana budi kuitafuta maana njema ndani ya silabi aliyopewa, na vazi hilo lisije likambana mtoto hata akifika uzeeni.

Kwa Wamaasai yupo Naserian: na, yule wa kike, serian, amani. Kwa Wahindu yupo Shanti, amani. Kwetu Waswahili yupo Amani mwenyewe. Wazazi wao hawakushauriana. Lakini jioni, mmoja wao anapoitwa arudi nyumbani, mimi husikia dua.